UKURASA WA JAMAA: Kijana Aombapo Kwenda Mjini Kusoma Sanaa



Kila mwaka, yatokapo matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, nyumba nyingi za jamaa zetu hupata furaha na ugomvi kwa siku moja. Furaha ni kwamba kijana amefaulu. Ugomvi ni juu ya kile atakachokwenda kusoma. Baba alikwisha kusema moyoni mwake kwamba mwanawe atakuwa tabibu, au mhandisi, au mhasibu. Mama naye alikwisha kumwombea dua hiyo hiyo. Kijana, awe mvulana au msichana, ameinamisha uso na kusema kwamba yeye ataka kwenda Dar es Salaam kusoma fasihi, au tarikhi, au maigizo, au muziki. Hapo sauti hupanda, na jirani husikia. Mara nyingi jambo huishia katika mojawapo ya mabaya mawili: ama kijana hukubali kwa ulimi na kukataa kwa moyo, akaenda akashindwa katika masomo asiyoyapenda, ama huondoka nyumbani bila ya radhi za wazee, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Mwezi huu twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu. Hatutoi fatwa, kwani fatwa ina watu wake. Twataka kupima tu, kama mfanyabiashara apimavyo kabla ya kufunga bei: elimu hizi ni zipi, zatoka wapi, kwa nini husomwa mjini, zina hatari gani, zina faida gani, na mzazi afanye nini kabla ya kusema ndiyo au la.

Elimu zenyewe ni zipi

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameziita elimu hizi kwa neno moja, insia, na ndaki inayozifundisha huitwa Ndaki ya Insia. Neno hili si geni kwetu, kwani sote tumezoea kusema insi na jini. Basi insia ni elimu ya mambo ya mwanadamu: lugha zake, fasihi yake, tarikhi yake, fikra zake, na kazi za sanaa atendazo kwa sauti, kwa mwili na kwa mkono. Ndani yake zimo pia sanaa za maonyesho, yaani tamthilia, ngoma na muziki.

Mzazi asikiapo neno «maigizo» hudhani kwamba mwanawe atapelekwa kuchekesha watu jukwaani kwa miaka mitatu. Sivyo. Mwanafunzi wa sanaa hizi husoma tarikhi ya tamthilia katika mataifa mbalimbali, hujifunza kuandika mchezo, kuuongoza, kupanga taa na mavazi, kutumia pumzi na sauti, kuhesabu gharama za onyesho, na kuhukumu kazi ya mwenziwe kwa hoja. Ni kazi yenye vitabu vingi na usiku mrefu. Aliyeikimbilia kwa kudhani ni ya wavivu hujuta katika muhula wa kwanza.

Je, ni elimu ya kigeni?

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa na meli. Hili halisimami mbele ya tarikhi. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, mmoja wa wakubwa wa falsafa katika Uislamu, aliandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya muziki, akaeleza sauti na vipimo vyake kama mtu aelezavyo hesabu. Kundi la wanazuoni wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa, katika karne ya nne ya Hijria, waliandika risala zao maarufu, na ya tano kati ya hizo yahusu muziki. Jina lao hilo hilo ndilo lilochukuliwa huko Unguja mwaka 1905, kilipoundwa chama cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kimedumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Na Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, aliweka msingi wa kuitazama tarikhi kwa sababu na matokeo, si kwa hadithi za wafalme peke yake.

Hapa pwani nako hatukuwa mikono mitupu. Mwana Kupona wa Pate aliusia binti yake kwa utenzi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alisema na mji wake juu ya vita, biashara na mapenzi, kwa mashairi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate. Watoto wetu husoma maulidi kwa sauti za kupokezana, na huko Unguja iko maulidi ya homu, ambapo safu ya wanaume huinama na kuinuka kwa pamoja, kwa mpango wa mwili na pumzi ambao mwalimu yeyote wa jukwaa angetamani wanafunzi wake wauweze. Kijana aliyefundishwa tajwidi kwa miaka minane amekwisha kujua mahali pa kutokea kila herufi, urefu wa kila mvuto, na wapi pa kupumua. Anapoingia darasa la sauti chuoni, hakuingia akiwa mjinga.

Yatupasa pia kuwa wakweli. Juu ya ala za muziki wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani. Wako waliozikataza kwa ukali. Na yuko Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya ametenga kitabu kizima juu ya kusikiliza nyimbo, akaitazama hukumu kwa kumtazama aimbaye, chombo kipigwacho, maneno yaimbwayo, na hali ya asikiaye. Nyumba zetu nazo zimehitilafiana vivyo hivyo: iko nyumba ipigayo udi na iko isiyopenda hata dufu. Hatutaki kuihukumu moja kwa nyingine. Twasema tu kwamba hitilafu hii yahusu sehemu moja ya elimu hizi. Mzazi asiyeridhika na ala asiifanye kuwa sababu ya kumkataza mwanawe tarikhi, fasihi, lugha, au uandishi wa tamthilia, ambayo hayamo katika hitilafu hiyo. Na juu ya sehemu yenye hitilafu, na amwendee mwanachuoni amwaminiye, yeye na mwanawe pamoja, waulize swali moja na walisikie jawabu moja.

Kwa nini mjini

Mzazi wa shamba au wa mji mdogo huuliza: «Kwani lazima aende Dar es Salaam? Si asome hapa karibu?» Swali ni la haki. Ibn Khaldun alikwisha kulijibu kwa namna yake. Alisema kwamba ufundi hustawi pale watu wanapokuwa wengi na mahitaji ya lazima yamekwisha kutoshelezwa, na kwamba ufundi wa kuimba ni wa mwisho kuzuka katika ustaarabu, na ni wa kwanza kutoweka ustaarabu unapodhoofika. Maana yake ni kwamba sanaa hizi hutaka mji. Hutaka maktaba, jumba la maonyesho, mahali pa kuhifadhi nyaraka, magazeti, redio, watu wa kutazama na watu wa kukosoa.

Mfano wa nyumbani ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, shamba la Unguja, mnamo mwaka 1880, akawa mwuza vyungu. Sauti yake alizaliwa nayo shamba. Lakini ni mjini alikopata mwalimu, wapigaji, na wasikilizaji, na ni kutoka mjini alikokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri zilizouzwa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa, aliandika wasifu wake. Angebaki Fumba, labda angekumbukwa na majirani zake tu.

Leo milango ya elimu hizi iko mahali kadha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikahamia Mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Na sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa hapo tangu miaka ya 1960. Huko ndiko alikosoma Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, na mwaka 1969 ukatoka mchezo wake Kinjeketile, juu ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Tangu hapo vijana wa shule wamekuwa wakivijua vita vile si kwa tarehe peke yake, bali kwa swali gumu alilowawekea: kiongozi afanye nini neno lake linapokuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe? Huko Bagamoyo kiko Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Na Unguja kiko chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichofungua darasa zake mwaka 2002 na kufundisha taarabu, kidumbaki na ngoma.

Chuo hicho cha Unguja kina somo kwetu. Zaidi ya mara moja kimekaribia kufungwa kwa kukosa fedha, kwani kwa miaka mingi kilitegemea sana misaada ya nje. Sisi tujisifuo kwa taarabu katika kila harusi tulikuwa karibu kukiona chuo chake kikifa, kwa kuwa mlipaji alikuwa mtu wa mbali. Jambo hili lafaa litukere.

Hofu tatu za wazee

Hofu ya wazee si upuuzi, wala kijana asiidharau. Tumezisikia hofu nyingi, nazo zaweza kukusanywa katika tatu.

Ya kwanza ni hofu ya dini na adabu. Dar es Salaam, katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, ilikuwa na watu 5,383,728. Mtoto aliyelelewa katika mtaa ambao kila mtu mzima ni baba yake na kila mwanamke ni mama yake, huingia mahali ambapo hapana amjuaye. Mazoezi ya maonyesho mara nyingi huwa jioni na usiku, na hukatiza sala ya magharibi na isha. Huenda akapewa sehemu ya kuigiza ambayo haya yake haiikubali, au vazi ambalo mama yake asingependa kuliona. Haya ni ya kweli. Lakini tuulize: je, mwanafunzi wa udaktari au wa uhasibu haishi katika mji ule ule, na nyumba ile ile ya kupanga, na simu ile ile mkononi? Mji haumwulizi mtu asomacho kabla ya kumjaribu. Kimlindacho kijana ni malezi aliyotoka nayo na watu alionao huko aendako. Vyuoni wako Waislamu wengi wenye jumuiya zao, darasa zao na futari zao za pamoja. Atakaye wema huupata.

Na juu ya sehemu za kuigiza, yafaa kijana ajue mapema kwamba ana ulimi. Mwalimu wa sanaa aijuaye kazi yake husikiliza mwanafunzi asemapo kwa adabu na kwa mapema, «Sehemu hii siiwezi kwa ajili ya dini yangu, nipe nyingine, nami nitaifanya kazi mara mbili.» Aibu ni kunyamaza mpaka usiku wa onyesho, halafu kuwaangusha wenzio.

Ya pili ni hofu juu ya binti. Baba wengi humruhusu mvulana na kumzuia msichana. Hatukatai kwamba hatari zake ni zaidi: njia za usiku, vyumba vya kupanga visivyo na ulinzi, na hata mtu mzima mwenye cheo atakaye kuuza alama kwa kile kisichouzwa. Lakini dawa ya hatari si kufunga mlango wa elimu. Dawa ni bweni la chuo badala ya chumba cha mtaani, kutorejea peke yake baada ya mazoezi, shangazi au mama mdogo aliye mjini anayepigiwa simu kila wiki, na zaidi ya yote, binti kujua kwamba akipatwa na jambo, nyumbani atasikilizwa kwanza kabla ya kulaumiwa. Binti anayemwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa mdhalimu wake, huyo ndiye asiye na ulinzi. Wala tusisahau kwamba Mwana Kupona alikuwa mwanamke, na utenzi wake tungali nao.

Ya tatu ni hofu ya riziki. «Atakula nini?» Hili nalo lina haki yake. Waliosoma ualimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi za serikali, na wengine wamekaa miaka bila ya kuajiriwa. Mzazi aliyeuza shamba ili mwanawe asome, ana haki ya kuuliza. Hofu hii si ya jana; walioianzisha taasisi ya elimu ya Waislamu ya ufundi huko Mombasa nao walitaka vijana wapate kazi za mikono na mitambo. Walifanya jema. Lakini ufundi si wa mitambo peke yake. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika mwaka 2019. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi. Kila mkutano watakiwa wakalimani, kila waraka watakiwa mfasiri, kila kitabu chataka mhariri. Nao hawaokotwi njiani, husoma.

Hata hivyo hatutamdanganya mtu. Elimu hizi hazitoi kazi kwa jina la cheti. Hutoa kazi kwa yule aliyetoka chuoni akiwa na kitu mkononi: tafsiri alizofanya, mchezo alioandika ukaonyeshwa, lugha ya pili na ya tatu aijuayo barabara. Mwanafunzi na aanze kuvikusanya hivi tangu mwaka wa kwanza, pamoja na ufundi mdogo wa kando kama uchapaji, upigaji picha au uhasibu mdogo. Na atungaye wimbo au mchezo ajue haki zake: Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na iko ofisi ya kuandikisha kazi hizo. Wengi wameimba mpaka uzeeni, wakafa maskini, na nyimbo zao zingali zikiuzwa na wengine.

Juu ya mkopo na karo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Zanzibar ina bodi yake. Baba wengi wa Kiislamu walikuwa wakisitasita kwa ajili ya nyongeza iliyokuwa ikitozwa juu ya mkopo, wakichelea riba. Yafaa wajue kwamba mwaka 2021 serikali ilitangaza kuifuta ile tozo ya asilimia 6 iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Aliyeacha kuomba kwa sababu hiyo na aulize upya. Lakini ajue pia kwamba Bodi hutoa mwongozo kila mwaka, na masomo yapewayo kipaumbele hubadilika; fani za insia na sanaa si daima huwekwa mbele. Na asome mwongozo wa mwaka wake kabla ya kukata shauri, asitegemee habari za mtaani.

Jambo litupalo wasiwasi zaidi

Tumesema juu ya hatari za kumruhusu kijana. Sasa na tuseme juu ya hatari ya kumkataza, kwani hii huonekana kidogo, nayo ni kubwa.

Katika majumba ya pwani, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na visiwani, yamo masanduku yenye karatasi za kale zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, wasia, hesabu za majahazi, dawa. Baadhi yake zilikusanywa katika miaka ya 1960 na kuwekwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Nyingine ziko London na kwingineko. Nyingi zaliwa na mchwa hivi sasa tusemapo.

Ni nani atakayezisoma? Mwanachuo asiyejua herufi za Kiarabu hawezi, hata akiwa na shahada tatu. Mwanafunzi wa madrasa asiyefundishwa kupima nyaraka, kulinganisha nakala, na kuzijua lahaja za zamani, naye ataweza nusu tu. Anayetakiwa ni yule aliyekaa kwenye mkeka wa chuo cha mtaani utotoni, akajua herufi, kisha akakaa katika darasa la tarikhi au fasihi la chuo kikuu, akajua njia. Mtu huyo yumo katika nyumba zetu. Ndiye yule kijana tuliyemwambia juzi kwamba fasihi haina faida.

Tukimzuia, kazi haitabaki bila ya kufanywa. Itafanywa na mgeni, kwa ufundi wake na kwa nia yake, naye atatuandikia sisi ni nani, na watoto wetu watakwenda kusoma kitabu chake. Halafu tutalalamika kwamba tarikhi yetu imepotoshwa. Lakini mwenye nyumba aliyekataa kushika kalamu hana haki ya kumlaumu mgeni kwa mwandiko.

Wakubwa wetu hawakuwa na woga huu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyefariki mwaka 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, na akaandika tarikhi ya ukoo wake kwa Kiarabu. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alisoma Manchester, kisha New York, kisha Oxford, akawa profesa Makerere. Na mwaka 1986 alionyesha ulimwengu, katika filamu 9 za televisheni, kwamba Afrika ina urithi wa aina tatu: wa asili yake, wa Uislamu, na wa Magharibi. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi Unguja na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye tafsiri yake ya Qurani ilitoka kamili mwaka 1969, alikuwa pia mwana tarikhi na mshairi. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alisomesha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel ya fasihi kwa vitabu ambavyo ndani yake umo mji wetu, bahari yetu na misafara yetu.

Mashauri yetu

Kwa wazazi twasema: msikatae kabla ya kuuliza maswali matatu. La kwanza, muulizeni kijana amesoma nini na amefanya nini mpaka leo katika jambo alipendalo. Aliyeandika daftari tatu za mashairi bila ya kuambiwa na mtu, huyo si wa kudharauliwa. Asiyesoma kitabu kimoja nje ya vile vya mtihani, huyo ataka sifa tu, na afadhali aambiwe. La pili, muulizeni atakaa wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Jawabu likiwa wazi, moyo hutulia. La tatu, muulizeni miaka mitatu ikipita ataonyesha nini. Na mmoja wa wazee na aende naye chuoni siku ya kwanza, akione chuo, msikiti na bweni kwa macho yake. Nauli ya safari hiyo ni rahisi kuliko miaka ya wasiwasi.

Kwa vijana twasema: msiwaombe wazee radhi kwa hasira. Mwendeeni kwanza yule wa nyumbani anayesikilizwa, bibi au ami, awe mshenga wenu. Mleteni mkiwa na habari kamili za karo, mkopo na mahali pa kukaa, si ndoto tupu. Mkishakwenda, sala zenu ziwekeni katika ratiba ya mazoezi tangu juma la kwanza, kabla ratiba haijawa ngumu. Na rudini nyumbani wakati wa likizo na kitu cha kuwapa wenye nyumba: muandikieni bibi hadithi zake, rekodini nyimbo za unyago na za kazi kabla wenyewe hawajaondoka, fungueni lile sanduku la karatasi mkazipige picha. Mzazi aonapo elimu ya mwanawe imemheshimu mama yake mzee, hatauliza tena ina faida gani.

Wako watakaosema kwamba tumewafungulia vijana mlango wa upotevu. Sisi twaona kwamba mlango wa mji uko wazi siku zote, na vijana wetu wamekwisha kuupita. Lililobaki mikononi mwetu ni moja tu: waupite wakiwa na dua zetu, anwani zetu na fedha zetu kidogo, au waupite wakiwa peke yao.

Wabillahi tawfiq.